Chuma kinapoota mwilini

SWALI: Katika filamu ya Kijapani "Tetsuo" ya Shinya Tsukamoto (1989), vyuma vinaota mwilini mwa mtu, na vinaonekana wazi kuwa vya kuokoteza. Mbona bado mwili unanisisimka? Na yule anayeteleza barabarani bila kupiga hatua, ilifanywaje?

JIBU: Uduni wenyewe ndio silaha. Filamu ilipigwa kwa mkanda wa milimita 16, nyeusi na nyeupe, hivyo damu, mafuta na kutu huwa kitu kimoja, na jicho halioni gundi inaishia wapi na ngozi inaanzia wapi. Kwa rangi, hila ingeumbuka mapema.

Kuteleza kule ni picha mojamoja. Mwigizaji anasimama, unapiga, anasogea kidogo, unapiga tena. Sekunde moja hula fremu (yaani picha) 24, au picha 12 kila moja ikionyeshwa mara mbili. Ukijaribu, weka mwanga na fokasi kwa mkono. Kamera ikijirekebisha yenyewe, picha hupepesa. Jua la kuingia na kutoka mawinguni huleta balaa lilelile. Vipande vya kubandika hubanduka kwa jasho, basi futa ngozi kwa spiriti kwanza. Na tumia plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Chuma halisi kina ncha, na hakuna mtazamaji atakayejua tofauti.