Toyota 86 na barabara ya vumbi Muheza

Kaka, umeuliza kama Toyota 86, ile gari ndogo ya michezo, itavumilia barabara ya vumbi ya kijijini kwenu Muheza. Kiangazi itavumilia, ukienda taratibu. Mimi naogopa masika, Machi hadi Mei: udongo mwekundu unateleza, malori yanachimba mifereji, na gari hiyo ina uvungu wa kama sentimita 13 tu. Bampa ya mbele huanza kuumia, kisha sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na sampu ikitoboka injini inakufa palepale usipozima. Fundi akufungie bamba la chuma chini ya injini. Usikubali kabisa gari ishushwe chini zaidi! Mvua zikikolea, iache Muheza mjini kwa mtu unayemwamini, umalizie na bodaboda. Lakini usiiuze, lami ya kwenda Tanga inapita hapohapo mjini.