Kengele ya kuanguka inalia bibi akibangua korosho

Ndugu wa Mikindani, umeuliza kwa nini kifaa chako cha kutambua mtu akianguka kinapiga kelele bibi akibangua korosho. Ni kwa sababu umekifunga mkononi, na mkono hupata mishtuko kutwa. Kihamishie kiunoni, kwenye mkanda unaobana, chini ya khanga.

MPU6050, kihisi cha mwendo kilicho ndani ya kifaa, ikiwashwa huanza na kipimo cha ±2g (1g ni nguvu ya mvutano wa dunia), hivyo pigo kubwa hukatwa kilele. Andika 0x10 kwenye rejista 0x1C (nafasi ya mipangilio ndani ya kihisi) upate ±8g, kisha gawanya namba zinazosomwa kwa 4096, si 16384, upate g. Hapo wengi hukwama. Soma mara 100 kwa sekunde, ukokotoe √(x²+y²+z²), x, y na z zikiwa vipimo vya pande tatu za kihisi. Pigo peke yake lisiwashe kengele: thamani ishuke chini ya 0.5g, ndani ya sekunde moja ipande juu ya 2.5g, kisha mwili ubaki umelala bila kutikisika kwa sekunde 10. Namba hizo ni za kuanzia. Zirekebishe kwa kujiangusha wewe kwenye godoro, bibi muache apumzike.

Weka kitufe cha kufuta kengele, bibi apate sekunde 20 za kukibonyeza kabla ya SMS kutoka. SIM800L, moduli ya simu inayotuma SMS hiyo, hunyonya hadi ampea 2 inaporusha mawimbi. Ukiilisha kwa pini ya 3.3V ya bodi yako itajizima. Iunge kwenye betri ya 3.7V moja kwa moja.

Akiteleza polepole akiegemea ukuta, hakuna pigo na kifaa hakitamwona. Ongeza kitufe cha kuomba msaada.