Faili la CSV usilikate kwa split(','), mimi lilinitia hasara

Mdogo wangu unayetaka kukata mistari ya faili la CSV (data ya maandishi, vipande vyake vinatenganishwa kwa koma) la wakulima wa alizeti kwa split(',') ya lugha ya Python, kisha uiunge na join, simama hapohapo. Kama hilo faili limetoka Excel, split weka pembeni.

Mimi nilifanya hivohivo Hombolo msimu wa zabibu. Mnunuzi mmoja kanipa CSV yenye jina, kijiji na kilo, nitoe risiti za malipo. Kuna jamaa kwenye video anasema kwa kujiamini kabisa kwamba CSV ni koma tu, piga split umemaliza. Nikapiga, alama za nukuu zikanisumbua nikazifuta kwa replace, nikachukua kipande cha tatu, na mistari ya juu ikatoka safi maana wale walikuwa na kilo 300, 640, 870. Nikachapa zote.

Kumbe aliyefikisha kilo elfu, Excel ilimwandika "1,250", koma ikiwa ndani ya nukuu. split haijui nukuu ni nini, inakata kila koma inayokutana nayo, kwa hiyo kipande cha tatu kikabaki 1, na Python haikulalamika maana 1 ni namba halali! Bibi mmoja wa kilo 1,250 akashika karatasi ya kilo moja mbele ya watu, akasema, "Mjukuu wangu, mbuzi wangu tu kala zaidi ya hii." Walicheka wote, ila malipo yalisimama siku tatu, risiti nikarudia kwa hela yangu na kazi nikanyang'anywa. Na ile video bado ipo watu wanaisifia, inaniuma mpaka leo!

Tumia moduli ya csv, inakuja na Python yenyewe, huhitaji kudownload kitu:

import csv
with open('wakulima.csv', newline='') as f:
    msomaji = csv.reader(f)
    next(msomaji)
    for safu in msomaji:
        kilo = int(safu[2].replace(',', ''))

Hiyo next inaruka mstari wa vichwa, safu[2] ni kipande cha tatu maana Python inahesabu kuanzia 0, na replace inaondoa koma ya elfu. Kurudisha kwenye faili ni csv.writer, sio join, maana join haikurudishii zile nukuu, na ikikuta namba ndani ya list inagoma na kosa la TypeError.

Na kabla hujachapa hata karatasi moja, tafuta mkulima mwenye kilo zaidi ya elfu, mstari wake uusome kwa macho yako.