Skripti inapakia faili ukiiendesha kwa mkono, lakini usiku inagoma

Ndugu, unasema skripti yako inayopeleka nakala za hifadhidata ya duka la Kariakoo kwenye hifadhi ya wingu kwa rclone (programu ya kunakili faili kwenda wingu) hufanya kazi ukiiendesha mwenyewe, lakini cron (kiendesha kazi kwa ratiba cha Linux) ikiiita saa nane usiku hakuna faili linalofika wala kosa linaloonekana. Nimehudumia seva za ofisi kadhaa hapa Dar es Salaam, na kwa kawaida intaneti hulaumiwa kwanza hata pale isipohusika.

Kabla ya kubadilisha chochote, malizia mstari wako wa crontab (orodha ya kazi za cron) kwa >> /home/wewe/pakia.log 2>&1, ili makosa yaandikwe mahali badala ya kupotea. Mara nyingi utakuta rclone haikupatikana kabisa, kwa sababu cron haisomi .bashrc (faili la mipangilio ya akaunti yako) na PATH yake, yaani orodha ya folda inamotafuta programu, huwa na /usr/bin na /bin pekee, ilhali programu ipo /usr/local/bin. Au utakuta kazi imewekwa kwenye crontab ya root (akaunti ya msimamizi mkuu) huku mipangilio uliifanya kwa akaunti yako, hivyo rclone.conf, faili la mipangilio ya rclone, inatafutwa kwenye folda ya root na haipo. Andika njia kamili ya programu, na faili la mipangilio ulitaje kwa --config. Angalia pia tarehe: ukiandika date +%F (amri ya kutoa tarehe ya leo) ndani ya crontab yenyewe, alama ya % huchukuliwa kuwa mwisho wa mstari na amri hukatikia hapo, kwa hiyo ihamishie ndani ya skripti.

Suala la saa nalo halipuuzwi. Seva nyingi za kukodi hufuata UTC (saa ya kimataifa), iliyo nyuma yetu kwa saa 3, hivyo 0 2 * * *, yaani saa nane usiku kwa seva, kwetu hutimia saa kumi na moja alfajiri. Kwa kompyuta ya ofisini ambayo betri ya ubao mama imekufa, umeme ukikatika saa hurudi nyuma, na hifadhi ya wingu ya Amazon S3 hukataa maombi yanayopishana na saa yake kwa zaidi ya dakika 15. Chrony, programu inayosawazisha saa kupitia intaneti, hutibu hilo.

Intaneti huhusika kweli siku kama 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika. Hapo kazi inayorudiwa kila saa huanza kabla ya ile iliyotangulia kumaliza, zikagombania njia hiyo hiyo nyembamba. Kwa hiyo izungushie flock -n, amri inayozuia kazi mpya kuanza wakati ile ya awali bado inaendelea.

Jambo moja ambalo hukuliuliza: kwa nakala rudufu tumia rclone copy, usitumie sync (inayofanya wingu lifanane kabisa na folda yako). Hifadhidata ikishindwa kutoa nakala na folda ikabaki tupu, sync itafuta na zile zilizoko kwenye wingu, tena bila kulalamika. Ukipata logi, weka hapa mistari yake ya mwisho, ukiwa umeficha majina ya seva na funguo.