Mawe ya redio, betri za saa na betri ya sola: mtoto aambiwe nini?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa darasa la nne, shule ya msingi karibu na Mafinga, Mufindi. Wanafunzi wangu huchezea mawe ya redio yaliyokwisha: wanayang'ata yapate nguvu, wanayaanika juani, wanayapasua kutoa unga mweusi wa kupakia ubao, na mabaki huyatupa chooni au kwenye moto wa takataka. Nataka kuwafundisha madhara ya betri kwa mazingira, ila nikisema "betri ni sumu" wanacheka, maana wamezishika tangu wadogo na hawajaumwa. Nianzie wapi? Na mawe yaliyokwisha tuyapeleke wapi?

JIBU: Mwalimu, hawakosei wanapocheka. Umewaambia jambo lisilolingana na walichokiona, na mtoto huamini macho yake. Ningeiacha kabisa hiyo sentensi. Nyumba ya Mufindi leo ina jiwe la redio, betri bapa ya saa au rimoti, betri ya simu, na pengine betri kubwa ya sola, na hatari zake hazikaribiani. Mtoto anayefundishwa kuziogopa zote sawasawa ataishia kutoiogopa hata moja, na kati ya hizo zimo zinazoua.

Anzia kwenye jiwe la redio, maana hapo tayari ni wajuzi. Wamelipasua na kuona ganda la zinki, unga mweusi na kijiti cha kaboni katikati. Wanachokosa ni sababu. Unga ule ni manganisi iliyochanganywa na kaboni na chumvi yenye unyevu. Jiwe linapotoa umeme, zinki huliwa kidogo kidogo, na ndiyo maana jiwe lililokwisha likisahauliwa ndani ya redio huvuja: ganda limetoboka.

Waonyeshe hilo kwa kiazi mviringo, ambacho kwenu hakikosekani. Chomeka upande mmoja msumari wa bati, ule uliopakwa zinki, na upande wa pili kipande cha waya wa shaba, visigusane. Azima mita kwa fundi redio. Itasoma karibu volti 0.8 au 0.9. Ukiunganisha viazi viwili, shaba ya kimoja kwenye msumari wa kingine, utapata nguvu ya kuendesha saa ndogo ya kidijitali inayotumia jiwe moja. Viache vikiwa vimeunganishwa kwa siku kadhaa, kisha chomoa misumari na uwape waikague mmoja mmoja. Waulize: zinki iliyopungua hapa imekwenda wapi? Watajibu wenyewe kwamba imo ndani ya kiazi. Waambie pia kwa nini kiazi hicho hakiliwi. Hapo mtoto ameona madini yakitoka kwenye betri na kuingia kwenye kitu ambacho jioni angekikuta kwenye sahani yake, na kwangu mimi huo ndio mwanzo bora wa somo la mazingira, kwa sababu hujamlazimisha kuamini neno lako.

Kuanika juani nako kuna sababu, na watoto wa nyanda za juu wanaweza kuielewa upesi. Baridi hupunguza kasi ya kemikali ndani ya jiwe. Asubuhi ya Julai, Njombe au Makete, redio yenye mawe dhaifu hunyamaza, na mchana jua likiwaka inasema tena. Joto limeamsha kilichobaki, lakini zinki iliyoliwa haijarudi, na joto hilohilo linaharakisha kuvuja. Kung'ata ni kubaya zaidi, kwa kuwa ganda lililokwisha kuliwa hupasuka na ute wake unaingia mdomoni. Mawe ya alkalini, yale ya bei ya juu yenye ganda la chuma, yasipasuliwe kabisa. Ndani yana potasiamu haidroksaidi, inayounguza ngozi na inaweza kupofusha jicho.

Sasa twende kwenye zile zinazoua. Betri bapa ya mviringo, hasa ya lithiamu ya volti 3 yenye upana wa milimita 20, ikimezwa na mtoto mdogo inaweza kukwama kwenye umio. Hapo umeme wake hugusa utando wenye maji na kuzalisha kemikali kali inayounguza nyama, na madhara makubwa yanaweza kuanza ndani ya saa 2. Hata ile iliyoshindwa kuendesha saa bado ina umeme wa kutosha kuunguza. Darasani, iweke juu ya kipande cha nyama mbichi, upande wa hasi ukigusa nyama, na mwisho wa vipindi uwaonyeshe palivyokuwa peusi. Wakiliona hilo watakwenda kukagua rimoti na midoli ya wadogo zao bila kusukumwa.

Wazazi wao nao wajue haya. Mtoto akimeza betri hiyo, au hata ukishuku tu kwamba amemeza, mkimbize hospitali yenye eksirei. Usimtapishe. Kama ana zaidi ya mwaka mmoja, anaweza kumeza vizuri na hazijapita saa 12, mpe vijiko viwili vya chai vya asali kila dakika 10, visizidi mara 6, mkiwa njiani. Asali hupunguza uunguzaji, haiponyi, na kuitafuta kusiwacheleweshe. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi asali.

Betri kubwa ya sola au ya gari ndiyo inayonikosesha usingizi. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi, yaani madini ya ledi, na iliyobaki nyingi ni asidi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Risasi hushambulia ubongo unaokua, na mtoto hufyonza mara 4 hadi 5 ya anachofyonza mtu mzima kutoka kwenye kiasi kilekile. Thiaroye-sur-Mer, pembezoni mwa Dakar, Senegal, watu walikuwa wakivunja betri za magari na kuchekecha udongo kupata risasi. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walifariki. Kwa hiyo mtoto asikaribie mahali betri inapovunjwa wala risasi inapoyeyushwa, na anayeifanya kazi hiyo asirudi nyumbani na nguo zilezile. Betri ya sola ikifa, irudishwe dukani au kwa mnunuzi wa chakavu mwenye kibali, ikiwa nzima. Kumwaga asidi shambani ili iwe nyepesi kubeba ni kumwaga na risasi humohumo.

Kuhusu simu na taa ndogo za sola nitasema kifupi: betri iliyovimba isitobolewe, isichajiwe tena, na iwekwe mbali na vitu vinavyoshika moto.

Mawe yaliyokwisha yasiende chooni, kwa sababu shimo halimalizi chuma. Zinki na manganisi hubaki pale na kuweza kusafiri na maji ya chini ya ardhi, na hapo kwenu chemchemi ni nyingi. Wala yasiende motoni, kwani hulipuka na moshi wake hubeba metali, wala kwenye shimo la mbolea ya bustani. Wekeni shuleni ndoo ya plastiki yenye mfuniko, mahali pakavu, na ncha za betri bapa zifungwe kwa utepe wa plastiki. Ikijaa, mwite afisa mazingira wa halmashauri. Akikosa pa kuzipeleka, aulize ofisi ya chombo cha taifa cha mazingira (NEMC) ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iliyoko Mbeya. Ndoo ikae kwenye stoo inayofungwa wakati mnasubiri jibu. Inaweza kuchukua muda mrefu, na jiwe lililo kavu kwenye ndoo halimdhuru mtu.

Unga wa ubao uachwe. Manganisi ikivutwa puani kwa muda mrefu hudhuru mishipa ya fahamu, na ubao hupanguswa kutwa nzima mbele ya nyuso za watoto. Sageni mkaa wa kawaida, mchanganye na maji ya majani yaleyale mliyozoea, mpake mara mbili na mwache ukauke kabla ya kuandika.