Askari mweupe wa Star Wars ndani ya belo la toi: ni wa zamani kweli, na nimuuze ngapi?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Mimi nauza toi za mitumba hapa Jinja, tunafungua belo za kutoka Uingereza. Juzi nimepata askari mdogo mweupe wa filamu za Star Wars, anapita kidogo kidole changu cha kati. Nyuma ya miguu kuna maandishi G.M.F.G.I. 1977 na Hong Kong. Chini ya gunia nikakuta bunduki nyeusi, nadhani ni yake. Kifua bado cheupe lakini miguu imekuwa njano. Jamaa wa Kampala ananipa shilingi 120,000 za Uganda, binamu yangu wa London anasema nisithubutu kwa sababu ameona mmoja kwenye intaneti ana bei ya maelfu ya dola. Na jirani yangu wa saluni anasema ana dawa ya kuirudisha miguu ikawa myeupe. Nifanye nini?

JIBU: Dada, kwanza hiyo dawa ya saluni iweke mbali, nitafika huko, ila kama jirani ameshaikoroga mwambie aimalizie kwenye kichwa cha mteja wake.

Haya. Kwa ulivyoeleza huyo ni Stormtrooper (ndo jina la hao askari weupe kwenye filamu) wa kampuni ya toi ya Kenner, yule wa sentimita tisa na nusu, na maandishi ya miguuni ndo yananipa moyo. G.M.F.G.I. ni General Mills Fun Group Inc., General Mills ni kampuni ya Marekani ya unga na nafaka za chai ya asubuhi, ndo waliokuwa wanaimiliki Kenner ya Cincinnati, watu wa unga bana wakajikuta wanauza askari wa anga za mbali. Kule Uingereza toi hizi ziliuzwa na Palitoy ya Coalville, kwa hiyo kumkuta kwenye belo la huko wala hainishangazi. Ila hiyo 1977 usimtangazie mteja kama mwaka wa kutengenezwa. Ni mwaka wa hakimiliki, umechongwa kwenye kalibu, na kalibu haibadilishwi kila Januari. Askari wenyewe waliingia madukani 1978 na Kenner waliendelea na Star Wars mpaka 1985. Krismasi ya 1977 hawakuwa na kitu tayari, waliuza bahasha ya kadibodi yenye cheti, mtoto anakituma kwa posta halafu anasubiri toi mwaka unaofuata, na hata kwenye hizo toi za kwanza huyu wako hakuwemo.

Kwa hiyo maandishi yanatuondolea wale wa baadaye. Wa 1995 ungemjua hata bila kusoma, ana kifua na mapaja kama mtu anayelala gym. Anayesumbua watu ni wa 2019, kampuni ya toi ya Hasbro walitoa wanaouita Retro Collection, umbo la zamani kabisa na kadi anayofungiwa dukani imechapishwa ionekane imechakaa, watu wanauziwa huyo kwa jina la babu yake. Maandishi ya miguuni ndo yanamtoa, ya Hasbro hayafanani na hayo uliyosoma wewe.

Sasa mshike mkononi. Jaribu kuzungusha kichwa, taratibu. Stormtrooper wa Kenner kichwa hakizunguki, ni mikono na miguu tu. Kikizunguka kuna jambo, au amevunjika shingo au si yeye. Na kama hiyo helmeti inavulika na ndani kuna uso wa kijana, acha kila kitu unipigie, maana huyo si Stormtrooper, ni Luke, shujaa wa filamu, aliyevaa nguo za Stormtrooper, wa 1985, wa mwisho mwisho, na bei yake ni habari nyingine kabisa. Sidhani ndo wako lakini kujaribu ni bure.

Bunduki ndo inabeba pesa, na hapo ndo watu wanaliwa. Askari wa zamani bila bunduki anashuka sana, na kwa sababu hiyo kuna watu wanatengeneza bunduki mpya za kuziba pengo. Utaambiwa iweke kwenye maji, ikielea ni orijino, ikizama ni feki. Ukipenda ijaribu lakini usiuze wala usinunue kwa hilo peke yake, kuna orijino zinazozama na feki zinazoelea. Mimi naangalia kingo. Ichukue nje mchana, kivulini, washa kamera ya simu ukuze picha mpaka bunduki ijae kioo, halafu tazama mistari ya mtutu na kale kadarubini ka juu: ya kiwandani mistari imesimama, kona zina ukali, feki nyingi zimetokana na kopi ya kopi kwa hiyo kila kitu kimelainika na mashimo yameziba ziba. Kisha idondoshe juu ya meza toka kimo cha kiganja, ya zamani inalia kwa ukavu, zile za plastiki laini zinatoa sauti ya mpira. Hakuna hata jaribio moja linalotosha lenyewe, yaweke pamoja. Hiyo yako kukutwa kwenye gunia hilohilo ni dalili nzuri, maana anayetoa toi za watoto wake kama msaada hahangaiki kununua bunduki feki.

Miguu ya njano. Kiungo kimoja na kingine havikutoka kwenye plastiki ya sufuria moja, ndo maana kifua kimebaki cheupe na miguu imegeuka, hiyo ni kawaida kwa askari hawa na haimaanishi miguu ni ya mtu mwingine. Kinachofanya njano ni mwanga wa jua na hewa kula plastiki na dawa zilizochanganywa ndani yake. Sasa dawa ya saluni ni haidrojeni peroksaidi, na kweli inafanya kazi, wapenzi wa kompyuta za zamani walianza kuitumia 2008 kung'arisha makasha ya mashine zao, unaipaka unaianika juani na unaona weupe unarudi. Shida ni kwamba njano inaweza kurudi tena, wakati mwingine inarudi kwa mabaka mabaka, plastiki inaweza kukauka ikawa ya kuvunjika, na ile rangi nyeusi ya kwenye viungo inaweza kubabuka. Na zaidi ya hayo mkusanyaji akigundua ulimng'arisha bila kumwambia atakuona tapeli, hata kama ulikuwa na nia njema. Njano ya kweli inapunguza bei, weupe wa uongo unaua biashara. Mwoshe tu kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, mswaki laini, usisugue palipo na rangi nyeusi, mkaushe kivulini.

Na mtoe kwenye hilo dirisha la duka kama ndo umemweka hapo! Jua letu la ikweta halina mchezo na plastiki nyeupe.

Tuje kwa binamu. Hajakudanganya, ameona kitu kingine. Maelfu ya dola ni kwa askari ambaye hajatolewa kwenye kadi yake, hasa zile kadi za mwanzo zenye picha za askari 12 kwa nyuma, plastiki haijafunguliwa, mara nyingi amepimwa ubora na kampuni kama AFA akafungiwa kwenye boksi lenye alama. Wako amechezewa. Halafu bei anayoandika muuzaji si bei aliyolipwa, mwambie binamu achague zilizouzwa tayari, eBay ina sehemu hiyo. Ataona walio kama wako wanatembea kwenye makumi ya dola. Stormtrooper hakuwa adimu hata siku moja, kila mtoto alitaka kikosi kizima. Ajabu ya biashara hii ni kwamba kuna feki za Uturuki za miaka ya 1980, zinaitwa Uzay, zinauzwa bei ambayo orijino yako haitaiona.

Dola ikiwa kwenye 3,700 hivi, huyo jamaa anakupa kama dola 32. Kwa askari mwenye miguu ya njano na bunduki ya kweli, hiyo ni bei ya haki. Ungeweza kuvuta kidogo juu ukimtafuta mteja ng'ambo, lakini gharama ya kumtuma inakula hiyo tofauti na bado unasubiri. Kabla ya kukubali simamisha askari mezani bila kumshika, miguu isiyolegea inakupa nguvu ya kuomba 140,000. Mpige picha mbele, nyuma, na maandishi ya miguuni, pembeni weka karatasi nyeupe ili njano ionekane ilivyo, umtumie zote kabla hajapanda gari kuja Jinja asije akaanza kushusha bei mlangoni. Bunduki uikabidhi ya mwisho, baada ya pesa kuingia kwenye simu.