Pilipili ya chupa inafanya povu

SWALI: Shikamoo, Bibi. Ninatengeneza pilipili ya kusaga nyumbani kwa pilipili mbuzi, nyanya, kitunguu saumu na mafuta ya kula. Ninaondoa mbegu zote ili ukali upungue, lakini wanangu bado wanalalamika kuwa inawachoma. Tena nikiiweka kabatini wiki moja tu, chupa inafanya povu na juu yake unaota ukungu mweupe. Ninakosea wapi? Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza, chupa hiyo itupe yote, wala usijaribu kuondoa ukungu wa juu na kubakiza ya chini, kwa kuwa ukungu huwa umekwisha kupenya hata pale usipoonekana.

Kuhusu ukali, mbegu umezionea bure. Ipasue pilipili mbuzi kwa urefu, utauona utando mweupe unaozishikilia mbegu. Ukali hutengenezwa humo, na mbegu huwasha kwa sababu tu zimegusana nao. Ukwangue kwa ncha ya kijiko, ubakize nyama yake, ambayo ndiyo yenye ile harufu ya tunda inayoitofautisha pilipili mbuzi na pilipili kichaa. Ukali huo hauyeyuki katika maji bali katika mafuta, kwa hiyo mikono ikiwaka ipake mafuta ya kula kwanza, ndipo uoshe kwa sabuni, na mtoto aliyeungua mdomo mpe maziwa au mtindi.

Sasa tuje kwenye kuharibika, jambo linalonitia wasiwasi zaidi. Wengi tunaamini kwamba mafuta yanahifadhi chakula, kumbe yanazuia hewa tu, na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambaye huishi udongoni na huweza kuja na kitunguu saumu, hustawi panapokosekana hewa na uchachu. Sumu yake hulegeza misuli, hata ile ya kupumulia, na chakula chenye sumu hiyo kinaweza kuonekana na kunukia kama kawaida. Povu na ukungu angalau vilikuonya.

Kinachohifadhi pilipili ni uchachu. Kwa robo kilo ya pilipili mbuzi tumia punje sita za kitunguu saumu, karoti moja ndogo, kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi na kikombe kizima cha siki ya asilimia 5, na nyanya uziache kabisa. Funika sufuria, chemsha kwa dakika 15 huku madirisha yakiwa wazi, maana mvuke wake unakohoza nyumba nzima, kisha saga, rudisha motoni hadi itokote, na uimimine ingali ya moto katika chupa za kioo ulizozichemsha kwa dakika 10. Ikipoa iweke kwenye friji, si kabatini. Msimu wa maembe ukifika, mimi huweka embe bichi mahali pa karoti, na kwa samaki wa kukaanga sijaonja inayoishinda. Ndimu ongeza kwa ladha tu, usiitumie badala ya siki, kwa sababu uchachu wake hutofautiana kati ya tunda na tunda.

Kama familia imezoea ladha ya mafuta, kaanga kitunguu saumu siku hiyohiyo ya kula, ukichanganye na pilipili kidogo bakulini, na mabaki yake yasirudi chupani.